Plagi za Gari la Zamani: Kuzinunua, Kuzifunga na Kuzisoma

Kati ya kazi ambazo mwenye gari la zamani huzilipia gereji, kubadilisha plagi ni mojawapo ya chache anazoweza kuzifanya mwenyewe nyumbani, kwa vifaa vichache na kwa muda wa saa moja hivi. Ni kazi ndogo. Hata hivyo mlaji hupoteza fedha katika kazi hii kwa njia tatu: huuziwa plagi bandia, huharibiwa hesi za silinda hedi na mkono wenye haraka, au huambiwa kwamba injini yake lazima ifunguliwe, ilhali plagi zilizotolewa, lau angeonyeshwa, zingemweleza vinginevyo. Makala haya yanahusu mambo hayo matatu, na hasa la mwisho.

Tumechukua kwa mfano gari la petroli la silinda nne la miaka ya 1990, kama vile Toyota Corolla AE110 yenye injini ya 5A-FE, kwa kuwa magari ya namna hiyo, yaliyoingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japani, bado yanaonekana barabarani. Mwenye gari jingine la petroli la rika hilo atafuata utaratibu ule ule. Mwenye gari la dizeli hahusiki, maana injini ya dizeli huwasha mafuta kwa mgandamizo wala haina plagi ya cheche. Naye mwenye injini ya silinda sita ambayo plagi zake tatu zimefichika nyuma, chini ya bomba la kuingizia hewa, tunamshauri ampe fundi kazi hiyo. Akiba atakayoipata hailingani na adha.

Kwa nini plagi huchoka

Plagi ina kazi moja: kurusha cheche katika mwanya mdogo ulio kati ya ncha yake ya kati na mkono wa pembeni uliopinda, ili mchanganyiko wa petroli na hewa uwake kwa wakati wake. Kila cheche huondoka na chembe ya chuma. Injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hurusha cheche 1,500 kwa dakika katika kila silinda, hivyo si ajabu kwamba baada ya maelfu ya kilometa pembe kali za ncha huviringika na mwanya hupanuka. Mwanya ukipanuka, koili hudaiwa volti nyingi zaidi ili cheche iruke. Hufika siku ikashindwa: gari huwa gumu kuwaka asubuhi, hutetemeka likiwa limesimama, hukosa nguvu mlimani, na petroli huisha mapema. Mafundi husema injini “inamisi”.

Plagi za kawaida zenye ncha ya nikeli hustahili kubadilishwa kila baada ya kilometa 20,000 hadi 30,000. Baadhi ya zile zenye ncha ya iridiamu au platinamu huweza kufika kilometa 100,000, kwa bei iliyo kubwa mara kadhaa. Ikiwa gari lako lilitengenezwa kutumia plagi za kawaida, hizo zinatosha. Ahadi kwamba iridiamu itairudishia injini iliyochoka nguvu za ujana isikushawishi. Gari lililofungwa mfumo wa gesi asilia huzidai plagi zaidi, kwa sababu gesi huhitaji volti kubwa kuliko petroli ili iwake. Mwenye gari hilo azikague mapema, na amuulize aliyefunga mfumo kuhusu upana wa mwanya.

Namba kabla ya bei

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya fedha kutoka mfukoni: mlaji huenda dukani na plagi moja ya zamani na kusema, “Nipe kama hii.” Lakini plagi iliyokuwamo inaweza kuwa ilifungwa na mmiliki aliyetangulia kwa kuwa tu iliingia. Mahali pa kuanzia ni kibati cha chuma kilichobanwa ndani ya chumba cha injini, ambacho huonyesha aina ya gari na aina ya injini. Kwa namba hizo mbili, muuzaji makini atatazama katika orodha ya kiwanda cha plagi na kukuambia namba inayofaa. Asiyekubali kutazama, akasema zote ni sawa, mwache.

Namba ya plagi si pambo. Chukua kwa mfano BKR5E-11 ya kampuni ya NGK. Herufi za mwanzo huonyesha kwamba hesi zina kipenyo cha milimita 14 na kwamba kichwa chake hushikwa na soketi ya milimita 16. R ina maana kwamba ndani mna kizuizi cha umeme, ambacho huzuia cheche isivuruge redio na kompyuta ya gari. Tarakimu 5 ni kiwango cha joto. E ni urefu wa hesi, yaani milimita 19. Na 11 ni mwanya wa milimita 1.1. Denso hutumia utaratibu wake, ambamo K16R-U11 hukaribiana na hiyo ya kwanza.

Urefu wa hesi ndio wa hatari kuliko yote. Plagi ndefu kupita kiasi huweza kugongwa na pistoni. Fupi kupita kiasi huacha hesi za ndani wazi zijae kaboni, na siku ya kufunga plagi sahihi haitapita. Kuhusu kiwango cha joto, jihadhari na jambo moja linalowachanganya hata wauzaji: kwa NGK na Denso, tarakimu ikipanda plagi huwa ya baridi zaidi, lakini kwa Bosch na Champion ni kinyume chake. Usilinganishe tarakimu za kampuni mbili kwa macho. Tumia orodha ya ulinganisho.

Dukani

Plagi ni ndogo, huuzwa kwa wingi, na mnunuzi haoni kilichomo ndani ya kauri. Ndiyo maana wanaoghushi huzipenda, na chapa zinazoaminika ndizo zinazoghushiwa zaidi. Plagi bandia ya kiwango cha joto kisichojulikana huweza kupata moto kupita kiasi na kuiwasha petroli kabla ya wakati, hata pistoni ikatoboka. Mlaji atakuwa ameokoa shilingi chache kwa gharama ya injini.

Omba uruhusiwe kutoa plagi moja katika kila boksi na kuitazama kwenye mwanga. Maandishi juu ya kauri yawe makali kingo zake, yasiyofutika kwa kucha. Mkono wa pembeni ukae sawasawa juu ya ncha ya kati, usielekee upande. Hesi ziwe laini na zenye kung’aa kwa usawa kutoka juu hadi chini. Kisha jaribu kuizungusha gasketi, ile pete ya chuma iliyo juu ya hesi: katika plagi halisi za chapa kubwa huwa imeshikiliwa na haitoki kirahisi, ilhali katika nyingi za bandia hudondoka yenyewe. Mwisho zipange plagi zote nne pamoja. Zilizotoka kiwandani hufanana kama mapacha. Bandia mara nyingi hutofautiana mwanya, rangi ya chuma, hata mwandiko.

Aliye na multimita ana kipimo kingine, na sisi tunakipenda kwa kuwa hakitegemei jicho. Plagi yenye R katika namba yake, ikipimwa kutoka kichwani hadi ncha ya kati, inapaswa kuonyesha ukinzani wa omu elfu kadhaa, kwa kawaida kati ya 3,000 na 7,500. Ikionyesha sifuri, kizuizi hakimo, hata boksi liseme nini.

Kuna pia plagi zilizotumika, zikasuguliwa kwa brashi ya waya au kupigwa mchanga hadi zikang’aa, zikarudishwa sokoni. Hizo utazitambua kwa ncha ya kati iliyoviringika. Kusafisha hakurudishi chuma kilichokwisha kuliwa.

Dai risiti ya kielektroniki yenye namba ya plagi, si neno “spea” peke yake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Na kuuza bidhaa yenye alama ya kughushi ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Bango la “mali ikishauzwa hairudishwi” haligeuzi plagi bandia kuwa halisi. Ukigundua umedanganywa, zihifadhi plagi, boksi na risiti pamoja, mwendee kwanza muuzaji, na akikataa peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani. Bila boksi na risiti, malalamiko huwa maneno matupu.

Kazi yenyewe

Injini iwe baridi kabisa. Silinda hedi za magari haya ni za aluminiamu, na hesi za aluminiamu zikiwa na moto hung’oka pamoja na plagi. Anza asubuhi, kabla gari halijawashwa. Toa ufunguo. Umeme wa plagi hufika volti elfu nyingi. Kwa hiyo usifuate ile desturi ya kuchomoa nyaya moja moja injini ikiwa inanguruma ili kutafuta silinda isiyofanya kazi. Hukupiga wewe, na huweza kuiua koili.

Utahitaji soketi ya plagi yenye mpira au sumaku ndani, kirefushi cha kutosha kwa kuwa katika injini kama 5A-FE plagi zimezama katika visima virefu katikati ya injini, mpini wake, fila geji ya kupimia mwanya, na kipande cha mpira wa bomba la petroli chenye urefu wa kiganja. Kipande hicho cha mpira ni kifaa muhimu kuliko vyote, kama itakavyoonekana.

Fanya silinda moja hadi imalizike, ndipo uende nyingine. Nyaya zikichomolewa zote kwa pamoja huweza kurudishwa mahali pasipo pake, na gari halitawaka au litalipuka katika ekzosi. Shika kofia ya mpira, si waya wenyewe. Izungushe kidogo kushoto na kulia, kisha ivute. Kabla ya kugusa plagi, puliza vumbi litoke kisimani. Pampu ya baiskeli inatosha. Mchanga ulioachwa humo utaangukia ndani ya silinda mara plagi itakapotoka.

Fungua plagi kwa kuizungusha kinyume cha mshale wa saa. Ikilegea kisha ikakaza tena, usilazimishe. Irudishe kidogo, dondoshea mafuta ya kulegezea kutu, subiri, endelea kwa kwenda mbele na nyuma. Plagi ikiwa ngumu mwanzo hadi mwisho, simama na umwite fundi; hapo hujashindwa. Kila plagi inayotoka iweke juu ya kipande cha boksi ulichoandika 1 hadi 4, ukianzia silinda iliyo upande wa mkanda. Sababu tutaieleza.

Pima mwanya wa plagi mpya hata kama boksi linasema imepimwa, kwani huenda ilianguka njiani. Ukihitaji kurekebisha, pinda mkono wa pembeni peke yake, usiegemee ncha ya kati wala kauri. Plagi ya iridiamu au platinamu usiipinde. Ikiwa mwanya si sahihi, irudishe dukani.

Sasa chomeka kichwa cha plagi mpya katika kile kipande cha mpira, iteremshe kisimani, na uizungushe kwa vidole ukitumia mpira kama mpini. Ikiingia upande, mpira utateleza badala ya kusaga hesi. Soketi na mpini wake haviteleziki. Vitaikaza plagi iliyopinda hadi hesi ziishe, na kuzitengeneza upya hudai karakana ya kuchonga vyuma, pengine na kuivua silinda hedi yote. Plagi lazima iingie kwa vidole mpaka gasketi iguse. Isipoingia, itoe uanze upya.

Ikiisha kugusa, ndipo mpini utumike. Kwa plagi mpya ya milimita 14 yenye gasketi, nusu mzunguko hadi theluthi mbili za mzunguko zinatosha. Gasketi ikiwa imekwisha kubanwa siku za nyuma, ni sehemu moja ya kumi na mbili tu ya mzunguko. Usipake grisi wala mafuta kwenye hesi za plagi mpya. Viwanda vikubwa huzipaka madini ya kuzuia kutu, na utelezi humfanya mtu akaze kupita kiasi bila kujua. Rudisha kofia mpaka uisikie imeshika.

Kuisoma plagi ya zamani

Hapa ndipo mlaji aliyefanya kazi kwa mikono yake anampita aliyelipa. Gereji nyingi plagi za zamani hutupwa kabla mwenye gari hajaziona, na pamoja nazo hutupwa ushahidi. Hata ukimpa fundi kazi, mwambie mapema kwamba unazitaka, zikiwa zimepangwa kwa silinda zake.

Swali la kwanza si rangi. Swali la kwanza ni hili: zote nne zinafanana, au moja iko tofauti? Zikifanana katika ubaya, chanzo kiko katika kitu ambacho silinda zote hukishiriki, kama kichujio cha hewa, kabureta au mfumo wa kupulizia petroli, ama plagi zenyewe kuwa za namba isiyo yake. Moja ikiwa tofauti, chanzo kiko katika silinda ile au waya wake. Tofauti hiyo pekee huweza kuepusha gharama kubwa, maana fundi anayependekeza kufungua injini yote kwa sababu ya silinda moja analazimika kueleza kwa nini.

Kisha tazama ncha iliyokuwa ndani ya injini. Rangi ya kahawia nyepesi au kijivu, na kukavu, ni afya. Masizi meusi, makavu, yanayofutika kwa kidole, ni dalili ya petroli nyingi kuliko hewa: anza na kichujio cha hewa, ambacho katika barabara zetu za vumbi huziba mapema, kabla ya kukubali jambo lolote la gharama. Safari fupi za kila siku ambazo injini haipati joto nazo huleta masizi hayo. Kauri nyeupe kama chokaa, yenye malengelenge, au ncha iliyoyeyuka, ni onyo zito la joto kupita kiasi. Huenda plagi ni ya moto mno, hewa ni nyingi kuliko petroli, au cheche inarushwa mapema mno. Gari hilo lisisafiri mbali kabla halijaangaliwa. Utando wa rangi ya kutu au chungwa mara nyingi hutokana na viongeza vilivyomo katika petroli.

Mafuta ya injini ndiyo yanayozua ugomvi, kwa hiyo tutakawia hapo. Mlaji huonyeshwa plagi iliyolowa oili na kuambiwa kwamba ringi zimekwisha. Muulize fundi: imelowa wapi? Oili ikiwa kwenye ncha, upande uliokuwa ndani ya silinda, hoja ya ringi au ya sili za valvu ina msingi, na kipimo cha mgandamizo wa kila silinda kifanyike kabla ya kukubaliana bei. Lakini oili ikiwa juu, kwenye kauri ya nje, na kofia ya waya nayo imelowa, huku ncha ikiwa kavu, oili hiyo haikupita katika silinda kabisa. Imevuja kutoka juu kuingia kisimani, kwa sababu gasketi ya tapeti kava, au zile sili za mviringo zinazozunguka visima, zimekakamaa kwa umri. Katika magari haya ni jambo la kawaida mno. Dawa yake ni seti ya gasketi na kazi ya saa chache, na plagi ikiogelea katika oili hiyo injini humisi vile vile kama yenye ringi mbovu. Watu wawili wenye dalili moja, mmoja anadaiwa gasketi na mwingine anadaiwa injini; kinachowatenganisha ni upande gani wa plagi umelowa.

Jambo jingine hutafsiriwa vibaya mara kwa mara. Juu ya kauri nyeupe ya nje, karibu na chuma, huweza kuonekana pete ya kahawia. Wapo wanaosema plagi “imevuja mgandamizo” na kwamba silinda hedi ina kasoro. Kwa kawaida sivyo. Ni chembe za oili zilizo hewani ambazo huvutwa na umeme wa volti kubwa zikaganda hapo. Haidhuru kitu.

Baada ya kufunga plagi mpya, injini ikiendelea kumisi, usirudi dukani kununua nyingine. Fungua boneti usiku, mahali penye giza, injini ikiwa inanguruma, na utazame nyaya bila kuzigusa: waya uliopasuka huonyesha vimulimuli vya buluu vikirukia chuma cha karibu. Kifuniko cha distributa nacho, kikiwa na ufa au ncha zilizoliwa, hutoa dalili ile ile. Zihifadhi plagi za zamani juu ya boksi lake lenye namba za silinda kwa wiki mbili hivi, mpaka uridhike na mwendo wa gari, na juu ya boksi hilo andika tarehe na kilometa zilizosomeka kwenye dashibodi siku ya kazi.